Sehemu ya Nne Hujazwa na Aliyechoma Sindano

6 Februari

Mdogo wangu,

Nimepokea kadi yako ya mwaka mpya, iliyonifikia mwezi mmoja baada ya mwaka wenyewe. Nashukuru. Afya yangu ni njema. Goti linafanya kazi ya kuuma asubuhi na kupumzika mchana, kama karani.

Nakuandikia kwa jambo moja. Binti yangu yuko kwako tangu Jumapili. Sikuambiwa na yeye, wala na wewe. Nilipita kwenye karakana yao ya mabango kumpelekea chakula, na mwenzake aliyekuwa akipaka rangi ubao wa duka la viatu akaniambia, bila hata kugeuka, "Mama, si yuko kwa mama yake mdogo?" Nilisimama pale na chombo cha chakula mkononi kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Najua alichokifuata huko. Amekuwa akilalamikia bega tangu kampeni ya chanjo ya pepopunda ya Novemba, ile niliyoitwa kusaidia baada ya kustaafu. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilimwambia kwamba mkono uliochomwa huuma siku tatu au nne, na kwamba nimechoma sindano kwa miaka thelathini na sita wala sijapata kuzika mtu kwa sababu ya bega. Alininunia. Nilidhani kununa kutaisha, kama kulivyoisha mara nyingine zote.

Mrudishe. Kazi anayo, na chumba chake nimekipiga deki. Kama ni mazoezi, nitamsimamia mwenyewe. Nilikuwa matroni wakati wewe bado unajifunza kufunga bendeji. Tena usimpe simu anipigie. Simu haina nukta wala aya. Mtu husema lolote, kisha hukana.

Dada yako

*

15 Februari

Dada,

Shikamoo. Ni kweli, yuko hapa. Hakutoroka. Ana miaka ishirini na saba na alipanda basi mchana kweupe akiwa amelipa nauli yake.

Kwanza nikueleze nilichokiona. Siku aliyofika nilimpa chai, akanyanyua kikombe kwa mikono miwili, kama mtoto. Nilimwambia avue sweta, akashindwa. Nilimvua mimi. Mkono wa kushoto haupandi kupita kifua, na usiku anaulaza juu ya mto kama mgonjwa mwingine aliyelazwa kando yake. Hii ni miezi mitatu, dada, si siku tatu.

Unajua ninakofanya kazi siku hizi, ingawa hujawahi kuuliza. Kila Jumanne na Alhamisi, chumba namba kumi na nne cha hospitali yetu hupokea watu wanaosema kwamba chanjo iliwaumiza. Tuko watatu: daktari wa mishipa ya fahamu, muuguzi mmoja, na mimi wa mazoezi ya viungo. Kanuni yetu ni kwamba mtu huzungumza dakika ishirini kabla yeyote kati yetu hajashika kalamu. Tuna dereva wa lori ambaye nusu ya uso wake ililala. Tuna mpishi wa shule aliyeinuka kitini haraka baada ya sindano, akazimia na kuvunja meno mawili. Anasema chanjo ilimng'oa meno, na ukimsikiliza hadi mwisho unaona kwamba hajakosea sana. Wengi wanaokuja hawakuumizwa na chanjo. Wachache wameumizwa. Kabla ya kusikiliza huwezi kujua nani ni nani. Tunawaambia wote, chanjo inaokoa watu, na wewe umeumia. Neno moja halifuti jingine.

Kirangi, kama ninavyomwita binti yako, alizungumza dakika arobaini. Daktari alimpima kwa ultrasaundi, ileile ya wajawazito, akaona uvimbe ndani ya bega, kwenye kile kifuko kinacholainisha mfupa. Dawa haikuwa na kosa. Sindano iliingia juu mno.

Nimeambatisha fomu. Ina sehemu nne. Ya kwanza amejaza mgonjwa, ya pili daktari, ya tatu muuguzi mwenzangu, kwa sababu kanuni hainiruhusu kumwandikia ndugu yangu. Sehemu ya nne hujazwa na aliyechoma sindano: alichoma wapi, mgonjwa alikuwa amekaaje, nguo ilikuwaje. Kamati inakutana tarehe 30 Juni. Ikikubali, atatibiwa hapa mpaka apone, na barua ya kamati itamlazimu mwenye karakana kumtunzia nafasi yake. Ikikataa, faili linafungwa. Huyo mwenye karakana tayari anamwita mvivu, na ameshaanza kumjaribu mtu mwingine.

Nilimwuliza Kirangi kama ana neno la kukuambia. Alinyamaza.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Fomu imefika. Nimeiweka kabatini chini ya mashuka na itakaa hapo.

Nianze na dogo. Mwanangu ana jina, nalo nilimpa mimi. Hilo la Kirangi silitambui. Mama mdogo ni mama, lakini mwenye busara hasahau neno la pili.

Sasa kubwa. Dakika ishirini kwa kila mtu? Siku ya kampeni tulichoma watu mia moja na tisini, wauguzi wawili, meza moja, kisanduku kimoja cha barafu. Ningempa kila mmoja dakika ishirini, pepopunda ingewakuta bado wako kwenye foleni wakisimulia. Hicho chumba chenu kinanitia hofu. Mtu mmoja akitoka humo akasema mjini kwamba hospitali imekiri chanjo inalemaza, kesho yake akina mama mia watawafungia watoto ndani. Nimewahi kumwona mtoto wa siku nane akifa kwa pepopunda. Mwili ulijipinda kama upinde. Wewe hukumwona, kwa kuwa ulikuwa shuleni ukisoma kwa fedha za mshahara wangu.

Nilimchoma binti yangu panapostahili. Vidole vitatu chini ya mfupa wa bega, kama nilivyowafundisha wauguzi wote wa wilaya hii, ambao mpaka leo huniita Rula nikiwapa kisogo. Tena nilimchoma mkono wa kushoto, asioutumia, ili kazi yake isiharibike. Hapo ndipo nilipomfikiria kama mama. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba hawezi kupaka rangi kwa sababu ya mkono wa kushoto anakudanganya, na wewe umefurahi kudanganywa. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Wewe umepata aliyelelewa tayari, ameoga, amesoma, na kazi imekwisha.

Nijibu maswali yafuatayo. Anakula? Anaamka saa ngapi? Anacheka? Hapa hajacheka tangu mwaka jana.

Dada yako

*

9 Machi

Dada,

Shikamoo.

Anapaka rangi kwa mkono wa kushoto.

Nimeliandika peke yake ili usiliruke. Ulipokuwa ukimfunga mkono ule kwa kitambaa akiwa darasa la kwanza, ulifanikiwa kwa kalamu tu. Anaandika kwa mkono wa kulia ukiwepo na usipokuwepo. Lakini likizo ile alipokuja kwangu akiwa na miaka tisa, nilimpa kopo la rangi iliyobaki ya mlango, akachukua brashi kwa mkono wa kushoto na akachora jogoo kwenye ukuta wa uani. Aliponiona nimesimama akaificha brashi nyuma. Nilimwambia, "Endelea, hapa hakuna Rula." Tangu siku hiyo ni siri yetu. Mabango yote ya mji wenu unayoyapita kila siku, la duka la dawa, la shule ya msingi, hata lile la zahanati lenye maandishi "Karibu Tukuhudumie" ulilolisifu mbele ya mganga mkuu, yamepakwa kwa mkono ule uliouchoma.

Nilitaka kuandika kwamba nilidhani unajua. Nimelikata neno hilo kwa sababu si kweli. Nilijua kwamba hujui, na kwa miaka yote hii nimeona raha kujua jambo usilolijua. Wewe ulikuwa na shahada, cheo, nyumba na mtoto. Mimi nilikuwa na jogoo ukutani.

Anakula. Anaamka saa kumi na mbili. Anacheka. Alhamisi iliyopita alikuwa benchi moja na yule dereva wa lori, ambaye chai humtoka upande wa mdomo usiosikia. Kirangi akamwambia, "Mjomba, mimi kikombe hakipandi, wewe kikikufika chai inarudi. Tuungane tuwe mtu mmoja mzima." Dereva alicheka kwa nusu ya uso, naye akacheka hadi akashika bega. Nimekuambia kwa sababu umeuliza. Nilitaka kukunyima.

Ijaze fomu, dada.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wiki tatu sasa hujanijibu. Watu wa posta wameshanizoea, nikiingia tu, yule wa dirishani anatikisa kichwa kabla sijasalimia.

Kirangi amepata barua kutoka kwa mwenzake wa karakana. Anasema ulikwenda huko ukaomba kuonyeshwa brashi zake, ukazishika moja moja, kisha ukaondoka bila kuaga. Amenisomea barua hiyo mara mbili. Ameniuliza, "Mama alitafuta nini?" Nimesema sijui.

Mazoezi yanakwenda polepole. Jana alifika kwenye swichi ya taa. Aliizima na kuiwasha mpaka mwenye nyumba akauliza kama umeme una hitilafu. Lakini kushika brashi juu ya kichwa, hapana, bado kabisa, na daktari anasema mazoezi peke yake hayatatosha. Anahitaji sindano za dawa ndani ya bega, na pengine zaidi ya hapo, na hayo yanangoja kamati.

Mwenye karakana amesema atangoja hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo ngazi yake na ndoo zake atapewa mtu mwingine.

Mdogo wako

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ni kweli nilikwenda karakana. Mpini wa brashi ambayo mtu ameitumia kwa miaka huliwa upande mmoja, pale kidole gumba kinapokaa. Nimezishika brashi zake kumi na moja. Nilizishika kwa mkono wangu wa kulia, na hakuna hata moja iliyokaa.

Kisha nikazunguka mjini. Nilisimama mbele ya duka la dawa hadi mwenye duka akanitolea kiti, akidhani nimezidiwa. Nilisimama shuleni. Zahanati sikwenda.

Miaka kumi na minane. Mlikaa mezani kwangu, mkala nilichopika, mkatazamana. Kila nilipomwambia mgeni, "Binti yangu ana mwandiko mzuri, nilimrekebisha mkono mapema," nyinyi mlikuwa mnajua. Naomba uniambie mlikuwa mnasema nini nikitoka chumbani. Au usiniambie.

Umeuliza kuhusu fomu. Nitaijaza kwa sharti. Arudi nyumbani, aje aichukue kwa mkono wake, ule autakao. Siwezi kukaa huku peke yangu nikatia saini karatasi inayosema kwamba mimi nilimwumiza na wewe ulimponya. Hiyo si fomu ya kamati. Hiyo ni hati ya kukukabidhi mtoto. Hospitali ikitaka sehemu ya nne, inirudishie mwanangu kwanza.

Sina la kuongeza.

Dada yako

*

3 Mei

Dada,

Leo sikuamkii. Nitakuamkia mwisho wa barua kama bado nina adabu.

Masharti yako sijamwambia wala sitamwambia. Nikimwambia, atarudi. Atapanda basi kesho, na bega lile litakuwa fidia. Kisha atakuchukia maisha yake yote, na hilo, nikisema kweli, kuna saa nimelitamani. Nimekaa na barua yako siku tano nikijiuliza kwa nini nisimpe tu aisome. Kila nikiishika naona ni kisu, na mpini uko upande wangu.

Kwa hiyo nitakuambia lililo langu, ili tuwe sawa.

Mwezi wa Februari nilikuandikia kwamba nilimwuliza kama ana neno la kukuambia, akanyamaza. Hakunyamaza. Alisema, "Mwambie mama aje anisikilize. Dakika ishirini tu kama nyinyi mnavyofanya. Asinijibu." Alisema hivyo mbele ya daktari na mbele ya muuguzi. Daktari akaniambia, "Mwandikie dada yako leo." Nikaitikia. Usiku nikaandika kwamba alinyamaza.

Kazi yangu, dada, ni kusikiliza. Ninalipwa kwa kusikiliza. Watu wanatoka mbali kuja kukaa mbele yangu kwa sababu kila walikopita waliambiwa ni woga, ni mawazo, ni uvivu. Na neno la pekee nililotumwa kulifikisha nimelimeza. Nilitaka mtu mmoja aje kwangu asitake kurudi kwako. Maisha yangu yote watu hupita kwangu wakielekea kwako. Hata mama yetu, alipokuwa akiumwa, nikimlisha uji alikuwa akiuliza, "Dada yako atafika lini?"

Tangu Februari Kirangi ameacha kuuliza kama umejibu. Anadhani ulipewa neno lake ukakataa.

Nitamwambia ukweli kesho asubuhi. Nimeshaandika barua hii, kwa hiyo siwezi kurudi nyuma. Tarehe 30 Juni nitakaa nje ya mlango wa kamati na fomu yenye sehemu nne au yenye tatu. Uamuzi ni wako, na hauna uhusiano wowote na mahali atakapolala.

Shikamoo.

Mdogo wako

*

24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Sehemu ya nne nimeijaza. Wameacha mistari mitano, haikutosha, nikaongeza karatasi na kuipiga pini. Nakunakilia hapa nilichoandika, ili usije ukakisoma kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

"Mimi ni muuguzi, matroni mstaafu, mwenye miaka thelathini na sita kazini. Tarehe 14 Novemba nilikuwa nikitoa chanjo ya pepopunda katika ukumbi wa shule. Tulikuwa wauguzi wawili. Kanuni husema ndugu yako mpeleke kwa mwenzako. Mwenzangu alikuwa amekwenda kuleta barafu, na binti yangu alipofika mbele ya meza sikumngoja mwenzangu arudi.

"Watu sitini waliomtangulia niliwaambia wavue mkono wa nguo. Kila mmoja nilimpapasa mfupa wa bega na kuhesabu vidole vitatu kushuka. Binti yangu alikuwa amevaa ovaroli ya kazi. Nilisikia mtu kwenye foleni akisema, 'Huyo ni wake, sasa mtaona atakavyobembelezwa.' Sikumwambia avue. Niliivuta kola kando mpaka ilipokwama, nikachoma palipoonekana. Sikupapasa. Sikuhesabu. Nilikuwa nimesimama, yeye ameketi, kwa hiyo mkono wangu ulitoka juu.

"Sikumwuliza anatumia mkono gani. Nilidhani najua.

"Kabla sindano haijaingia alisema, 'Mama, hapo ni juu sana.' Nilimjibu kwa sauti, 'Nani muuguzi hapa?' Watu walicheka. Nilifurahi walipocheka, kwa sababu kicheko chao kilionyesha kwamba sina upendeleo.

"Baada yake niliendelea kuwaambia watu wavue na kuhesabu vidole, hadi wa mwisho. Katika watu wote niliowachoma siku ile, niliyemfanyia haraka ni mmoja.

"Miezi mitatu alilalamika nikamwambia ni kawaida. Nilijua kola ilikwama wapi. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyoandika. Nimeisoma mara mbili kutafuta makosa, na makosa niliyoyaona si ya uandishi. Nakala moja nimempelekea mganga mkuu wa wilaya, kwa sababu kosa la muuguzi halijadiliwi nyuma ya muuguzi. Huenda wasiniite tena kwenye kampeni. Sitawalaumu.

Sasa neno lako la Februari, lililonifikia mwezi wa Mei. Nilipolisoma nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi hadi jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Nimekukasirikia, na bado nimekukasirikia. Kwa miezi hii mitatu mtoto wangu ameamini kwamba aliniita nikakataa. Hilo sijui kama nitakusamehe, na sitaki kuandika kwamba nimekusamehe ili barua imalizike vizuri. Lakini kuhusu mama na uji, sikujua. Hukuwahi kuniambia. Nilikuwa nikifika kutoka zamu, nakukuta umeshamwosha na kumlisha, naye amelala mikononi mwako. Nilikuwa nikijiambia kwamba wewe ndiye anayempenda. Nilikuwa nikirudi zamu mapema ili nisione.

Sharti langu nimelifuta. Akae huko mpaka mkono upone. Usidhani wivu umeniisha. Usiku nalala nikihesabu ni siku ngapi anakuamkia wewe asubuhi badala yangu; leo ni siku ya mia moja na kumi na tatu. Ila bega lake si mahali pa kuuwekea wivu huo.

Sitakuja mpaka aseme nije. Alisema mara moja. Simdai aseme mara ya pili.

Dada yako

*

1 Julai

Dada,

Shikamoo.

Kamati imekubali. Nimekuandikia sentensi hiyo kwanza ili upumue.

Walikuwa watu saba kwenye meza ndefu, na sisi nje kwenye benchi, mimi, Kirangi, yule dereva wa lori aliyekuwa na kesi yake, na mpishi wa shule, ambaye hakuwa na kesi siku hiyo ila alikuja kutusindikiza na meno yake mapya. Mlango ulikuwa haufungiki vizuri. Mwenyekiti alisoma sehemu ya nne kwa sauti, na kila neno lilitufikia. Alipofika kwenye "Nani muuguzi hapa?" alisita, akaanza sentensi upya, kwa sauti ya chini zaidi. Hakuna aliyecheka. Baadaye muuguzi mwenzangu aliniambia kwamba katika miaka minne ya chumba namba kumi na nne, sehemu ya nne huja tupu, au huja na mstari mmoja: "Ilitolewa kwa kufuata utaratibu."

Sindano za dawa zitaanza mwezi huu. Barua ya mwenye karakana imeshatumwa, ina muhuri. Kamati pia imeagiza wilaya zote ziwakumbushe wauguzi kuketi wanapochoma na kumvua mtu mkono wa nguo, hata foleni ifike barabarani. Jina lako hawakulitaja. Mganga mkuu wako amewaandikia kwamba kampeni ijayo atakuita uwafundishe vijana, na kwamba atakayekuchongea aanze kwanza na yeye.

Lililobaki ni gumu kuandika.

Nilipomwambia Kirangi ukweli ule wa Februari, hakunipigia kelele. Aliosha vikombe vyote, pamoja na visafi. Tangu siku hiyo ananiamkia, anakula, ananisaidia, lakini haniiti mama mdogo. Ananiita "wewe".

Jana tulipotoka kwenye kamati aliniomba nakala ya karatasi yako. Nilimpa ile uliyoninakilia. Aliisoma kwenye benchi, akaisoma tena kwenye kituo cha basi, na usiku nikaona taa yake inawaka. Mimi nimemsikiliza miezi mitano. Nimeandika maneno yake, nimeunyoosha mkono wake asubuhi na jioni, na hajawahi kutaka nakala ya neno langu lolote. Wewe umeandika karatasi moja.

Asubuhi nilimkuta mezani, karatasi iko mbele yake. Nilimwuliza kama amekasirika. Alisema, "Kumbe alinisikia." Alikunywa chai yake, kisha akauliza siku gani kuna basi la moja kwa moja.

Kuna la Jumamosi ya tarehe 11. Linafika kwako saa nane mchana. Atakuwa na begi moja, libebe wewe. Matibabu yanaanza Jumanne inayofuata, kwa hiyo lazima arudi. Lakini nilipomwambia tukate tiketi ya kwenda na kurudi, alikata ya kwenda tu, akasema nyingine atainunua huko.

Sitaki kujua mtakachozungumza. Ukiniandikia, usiruke neno hata moja.

Mdogo wako